Kibanda cha Mwalimu, Kisumu: Vitabu vya Mitumba na Daftari la Wasomaji

Kwa mwaka mmoja na nusu sasa nimekuwa nikinunua na kuazima vitabu katika kibanda kimoja cha mabati mjini Kisumu, si mbali na Soko la Jubilee, kinachoendeshwa na mwalimu mstaafu kutoka Vihiga ambaye wateja wote, hata wanaomzidi umri, humwita Mwalimu tu. Kibanda hakina jina wala bango. Ukiuliza njia utaambiwa umpite fundi wa viatu, umpite mama anayekaanga samaki, kisha utafute mlango wa kijani ambao nusu yake ya chini haifunguki. Nimeamua kuandika tathmini hii kwa sababu watu kadhaa niliowaelekeza huko wamerudi wakilalamika kwamba vitabu ni vichache na vimechakaa, jambo ambalo ni kweli, lakini hakuna hata mmoja wao aliyeuliza kuhusu daftari, na kwa maoni yangu daftari ndilo linalomfanya mtu avuke mji kwenda pale.

Daftari lenyewe ni kubwa, la mistari, lenye jalada gumu jeusi, la aina ile ambayo wenye maduka huandikia madeni, nalo limefungwa kwa kamba ya katani kwenye mguu wa meza ili lisisafiri. Kila mteja anaruhusiwa kuandika humo kitabu kimoja, kimoja tu, anachokiona kuwa bora kuliko vyote alivyowahi kusoma. Sharti ni kwamba chini ya jina la kitabu asimulie tukio moja lililomo, kwa maneno yake mwenyewe na kwa Kiswahili, bila kukifungua kitabu hicho. Anayeshindwa hukatwa kwa kalamu nyekundu, na Mwalimu, ambaye amesahihisha insha kwa zaidi ya miaka thelathini, haoni haya kukata.

Nilimshuhudia akimkata kijana mmoja wa chuo kikuu aliyeandika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, riwaya iliyotoka mwaka wa 2012 na baadaye ikasomwa na watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, nchi nzima. Kijana alikuwa amejaza mistari sita kwa hati nzuri: maudhui ya uongozi mbaya, ufisadi, mapenzi, ukiukaji wa haki za watoto. Mwalimu aliisoma yote kwa utulivu, akavua miwani, akamwambia, "Huu ni mwongozo, mwanangu. Kitabu chenyewe umekisoma?" Kijana alicheka kwa aibu, akakaa kwenye benchi kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akaandika upya juu ya mswada wa Amani, jinsi kijana huyo maskini anavyoibiwa kazi yake na Majisifu, mtu mzima anayeheshimika, ambaye anaichapisha kwa jina lake mwenyewe na kuvikwa sifa zisizo zake. Aliongeza kwamba naye alipokuwa kidato cha tatu insha yake ilisomwa mbele ya darasa kama kazi ya mtu mwingine. Kalamu nyekundu haikuguswa tena siku hiyo.

Orodha za vitabu bora tumezizoea, na nyingi huandikwa na watu wanaotaka waonekane wamesoma. Mtu akiulizwa ghafla kitabu alichokipenda kuliko vyote, ulimi hukimbilia jina zito, jina la kigeni ikiwezekana, au lile ambalo mwalimu wake wa zamani alilitukuza. Akitakiwa kueleza nani aliingia mlangoni, alisema nini, na nani alinyamaza, jina zito huanza kumponyoka, na kile kinachobaki mkononi huwa ni kitabu alichokisoma kweli. Ndiyo maana daftari hili limejaa vitabu ambavyo kwingine vingeonekana vya kawaida mno, na ndiyo maana naliamini.

Vitabu teule vya shule vimechukua karibu nusu ya kurasa, na mteja mmoja aliyekuwa amesimama kando yangu alilitaja hilo kwa dharau: kwamba Wakenya wengi husoma riwaya ya mwisho kidato cha nne, basi watapendaje kingine? Kuna ukweli ndani ya kejeli hiyo, lakini haukamiliki. Ukiyasoma matukio yenyewe utagundua kwamba wengi hawasimulii yale waliyotahiniwa. Muuguzi mmoja ameandika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa 1980, na hasemi lolote kuhusu mabadiliko ya jamii, bali anaeleza kufungiwa kwa Maimuna ndani ya nyumba ya baba yake, Maksuudi, na anakiri kwamba aliisoma sehemu hiyo chini ya blanketi bwenini kwa mwanga wa tochi, akishusha pumzi kila alipofungua ukurasa. Nakala ya Utengano iliyoko rafuni ina maandishi ya penseli ya mwanafunzi fulani pembeni mwa karibu kila ukurasa: "sifa za Maksuudi", "jazanda", "dondoo hili laweza kuja". Kisha, karibu na mwisho, maandishi hayo yanakatika kabisa. Sijui kama mwanafunzi huyo alichoka au alisahau mtihani na kuanza kusoma. Napenda kuamini la pili.

Kurasa zinazonivutia zaidi ni zile ambazo mji huu na ziwa lake vinaingia. Mchuuzi wa samaki kutoka Dunga ameandika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka wa 1971, kitabu ambacho wakati mmoja kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kabla ya kurudi kwa heshima. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, na hadithi inaanzia huko huko, kisiwani, ndani ya ziwa hili hili ambalo mama huyo hununulia ngege na mbuta alfajiri. Tukio aliloliandika ni kipigo ambacho Zakaria anampa binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Ameliandika kwa herufi kubwa zinazolalia kushoto, bila nukta wala mkato, na mwishoni ameongeza kwamba baba yake alimpenda sana lakini kwa barua angefanya vilevile. Nimewahi kusoma makala za wataalamu kuhusu riwaya hiyo, na sikumbuki hata moja iliyonieleza hofu ya nyumba ile kama mistari hiyo minane.

Mwendesha bodaboda mmoja amechagua Siku Njema, riwaya ya Walibora ya 1996, na tukio lake ni safari ya kijana aitwaye Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Anasema aliisoma akiwa anaegesha pikipiki stendi, akisubiri abiria, na abiria wawili walimpita kwa sababu hakuwasikia wakimwita. Chini yake watu wengine watatu, wakivunja kanuni, wameongeza mstari mmoja mmoja wa kumkumbuka mwandishi, aliyefariki dunia Aprili 2020. Mwalimu ameiacha mistari hiyo. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba hiyo si mapendekezo ya vitabu, hiyo ni matanga, na matangani watu hawakatwi.

Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka Nairobi mwaka wa 1967, imeandikwa mara nne na watu wanne tofauti, na kinyume na nilivyotarajia, hakuna aliyewataja nguruwe. Wote wanne wameandika kuhusu farasi mchapakazi anayebebwa kwenye gari la mchinjaji huku wenzake wakimpungia kwaheri, mpaka punda, ambaye siku zote alijua kusoma lakini hakuona haja, anawasomea maneno yaliyo ubavuni mwa gari. Mmoja wa wanne hao ni karani mstaafu. Ameandika: "Mimi ndiye punda." Hakufafanua, na sidhani kama angefafanua hata kama angeulizwa.

Vitabu vya Kiingereza vinakubaliwa daftarini mradi tukio lisimuliwe kwa Kiswahili, na hapo ndipo waandishi wa kike wa eneo hili wanapotawala. The River and the Source ya Margaret Ogola, daktari wa watoto ambaye riwaya yake hiyo ya kwanza ilitoka 1994 na kushinda tuzo ya Jumuiya ya Madola kwa Afrika mwaka uliofuata, ndiyo inayoongoza kwa idadi. Wengi wanakumbuka ng'ombe thelathini wa mahari ya Akoko, lakini walioandika vizuri ni wale waliokumbuka safari yake ya kuja Kisumu akiwa mjane, kutafuta haki kwa serikali ya wazungu baada ya shemeji yake kunyakua kiti cha uchifu. Kusoma habari ya mwanamke huyo akitembea kuja katika mji huu huu, ukiwa umekaa katika mji wenyewe na kelele za makanga zinakufikia kupitia mabati, ni raha ambayo duka lenye kiyoyozi haliwezi kukuuzia.

Kuna ukurasa mwingine ambao sitausahau. Mzee mmoja ameandika Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, iliyochapishwa mwaka wa 1986, kuhusu Paulina, msichana wa miaka kumi na sita anayeingia Nairobi kwa treni mwaka wa 1956 kumfuata mumewe. Mzee hakuandika kuhusu treni. Ameandika kwamba Okeyo, mtoto wa Paulina, anauawa kwa risasi Kisumu mwaka wa 1969, siku ambayo Rais Jomo Kenyatta alikuja na umati ukapigwa risasi. Baada ya hapo kuna neno moja tu: "Nilikuwepo." Wasomaji wa hapa wanajua ni siku gani inayozungumziwa, tarehe 25 Oktoba, kwenye ufunguzi wa ile hospitali ambayo hadi leo watu wazima huiita Rasha, yaani Urusi. Kwa kanuni kali tukio hilo ni fupi mno. Pembeni kuna doa dogo la wino mwekundu, kana kwamba kalamu iligusa karatasi na kuinuliwa.

Ushairi na tamthilia zina uhaba daftarini, na hilo linanisikitisha. Ushairi wa zamani umeandikwa mara moja tu, na mzee wa Kimvita aliyehamia huku kikazi zamani na hakurudi: ametaja Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka wa 1858, na tukio lake ni la mwanzoni kabisa, mama mgonjwa, aliyelala na maradhi mwaka mzima, akimwita binti yake asogee akae karibu na wino na karatasi. Utendi huo hauuzwi pale kibandani. Nimeuulizia mara mbili.

Hilo linanileta kwenye kasoro, nazo si chache. Kasoro kubwa ni kwamba daftari na rafu haviongei. Unaweza kusoma maelezo ya kitabu yakakukosesha usingizi, kisha ukaambiwa hakipo na hakijulikani kitapatikana lini. Katika vitabu kumi nilivyovitafuta baada ya kuvisoma daftarini, nilivipata vinne. Mwalimu huenda Soko la Kibuye siku za Jumapili kuchakura kwenye marundo ya mitumba, na hubeba karatasi ya maombi ya wateja, lakini kama yeye mwenyewe anavyosema, marundo hayajui kusoma karatasi. Daftari pia halina mpangilio wowote. Ukitaka kuona nani ameandika kuhusu kitabu fulani, huna budi kupekua kurasa zote, na hati nyingine zinahitaji subira ya mfamasia. Benchi ni moja, la watu watatu, na Jumamosi alasiri huwa na watu saba. Mvua ikinyesha, na Kisumu hunyesha jioni bila kuomba ruhusa, maji hupenya kwenye kona ya upande wa ziwa, ambako kwa sababu nisiyoielewa ndiko alikopanga vitabu vya watoto. Hufungua saa tatu asubuhi na kufunga saa kumi na moja, au mawingu yakikusanyika, lolote litakalotangulia.

Bei, kwa upande mwingine, ni ya kiungwana. Riwaya nyingi nimezinunua kati ya shilingi 100 na 250. Ukitaka kuazima, unaweka amana ya shilingi 300, na ukirudisha ndani ya wiki mbili unarejeshewa 250, iwe kitabu ni kinene au chembamba. Ukichelewa, hurejeshewi kitu, na usimweleze habari za msiba usiokuwepo maana ameshazisikia zote. Hulipwa kwa pesa taslimu au kwa simu, lakini risiti hatoi. Nakala za wizi hauzi kamwe. Nilimwona akimrudishia mchuuzi furushi zima la vitabu teule vilivyotolewa fotokopi, akapitisha kidole juu ya jalada moja na kumwonyesha wino uliobaki kidoleni. Vitabu vipya hana, na anayehitaji toleo la mwaka huu kwa ajili ya mwanafunzi aende moja kwa moja kwenye maduka makubwa ya vitabu mjini, hapa atapoteza nauli.

Nimtendee haki pia kwa kusema kwamba hakuanzisha jambo geni. Kisumu iliwahi kuwa na mwanamke aliyeandika vitabu, akavichapisha na kuviuza mwenyewe: Asenath Bole Odaga, aliyefariki 2014, aliendesha hapa kampuni ya uchapishaji na duka la vitabu aliloliita Thu Tinda, maneno ambayo wasimulizi wa Kijaluo hufungia hadithi. Mwalimu anasema alinunua huko vitabu vya darasa lake la kwanza, na rafu nzima ya chini, ambayo haiuzwi, imewekewa vitabu vya Odaga. Unaruhusiwa kuvisoma ukiwa umekaa.

Mimi mwenyewe niliaibika mbele ya daftari hilo. Siku ya kwanza nilichukua kalamu kwa kujiamini, nikaandika Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka wa 1951, kitabu ambacho nimekitaja kuwa bora katika kila mazungumzo tangu nikiwa na miaka ishirini. Nilijua kuna Karama, nilijua kuna mashtaka, nilijua kuna wajumbe sita waliotumwa pande zote za dunia na hata mbinguni. Lakini nilipotakiwa nisimulie lililompata mjumbe mmoja, yeyote yule, sikuweza. Niliandika kwamba kitabu kimejaa hekima. Mwalimu alinitazama kama alivyomtazama yule wa chuo kikuu, akanikata, kisha akaniazima Kusadikika kutoka rafuni bila kunidai amana. Nilikisoma tena kwa siku mbili, na bado ni kitabu kikubwa, ila sasa najua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikipenda sifa zake zaidi ya kurasa zake.

Nilichoandika hatimaye ni Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa 1999, na tukio langu ni la Yasmin, msichana wa miaka kumi na mitano aliyeozwa kwa mzee Raza, anapoiacha nyumba hiyo na kutoka. Nilikipenda kitabu hicho licha ya kwamba nakala niliyouziwa pale ilikuwa na kasoro mbaya kuliko zote nilizozitaja: ukurasa wa 96 ulifuatwa na wa 113. Kurasa kumi na sita zilikuwa zimeng'oka zote kwa pamoja, na gundi ilikuwa imepakwa juu ya jeraha kwa ustadi kiasi kwamba huwezi kuona mpaka ufike. Nilirudi kulalamika. Mwalimu alisema kwamba vitabu vya mitumba huuzwa kama vilivyo, na kwamba ni wajibu wa mnunuzi kuhesabu kurasa. Nilisema, kwa heshima zote anazostahili, kwamba hakuna mnunuzi anayehesabu kurasa. Tulibishana mpaka mteja mwingine akaingilia, na mwishowe alinirudishia shilingi 100 kati ya 200 nilizolipa, akaniruhusu niandike ombi pembeni mwa ukurasa wangu daftarini: yeyote mwenye nakala kamili anisaidie na kurasa za 97 hadi 112.

Ilichukua wiki tano. Nilipopita Jumamosi moja nilikuta bahasha ya kaki imebanwa katikati ya daftari, ndani yake fotokopi za kurasa hizo zote, zimekatwa kwa mkasi kulingana na ukubwa wa kitabu, bila jina la aliyezileta. Nilizisoma nimesimama. Kwa kuwa sikuwa na haja ya kukaa na kitabu tena, nilizibandika mahali pake na kumuuzia Mwalimu nakala hiyo kwa shilingi 100, nikaondoka nikiamini tumelipana. Wiki iliyofuata niliikuta rafuni, upande usiovuja, na bei iliyoandikwa kwa penseli ndani ya jalada ilikuwa 250.